Lee Chong Wei: Wiki 349 kileleni bila dhahabu ya Olimpiki

Na Mwandishi Wetu

JUNI 13, 2019, mjini Putrajaya, Malaysia, mwanamume mwenye umri wa miaka 36 aliketi mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kwamba anastaafu mchezo wa mpira wa vinyoya. Hakuweza kuyazuia machozi. Miaka 19 ya kulitumikia taifa lake ilikuwa imefika ukingoni, na kilichomwondoa hakikuwa mpinzani wa uwanjani, bali maradhi.

Mwanamume huyo ni Lee Chong Wei. Kwa jumla alishika nafasi ya kwanza katika orodha ya ubora wa wachezaji duniani kwa wiki 349, muda unaokaribia miaka saba. Alitwaa mara nne taji la All England, mashindano makongwe na yenye heshima kubwa katika mchezo huo, na mara 12 taji la mashindano ya wazi ya nchini mwake. Hata hivyo, aliondoka bila medali ya dhahabu ya Olimpiki na bila ubingwa wa dunia.

Jambo hilo limekuwa fumbo kwa wengi wasioufuatilia mchezo huo kwa karibu. Inawezekanaje mtu awe bora kuliko wote kwa muda mrefu kiasi hicho, kisha ayakose mataji mawili makubwa kuliko yote? Ili kupata jibu, hatuna budi kuutazama mchezo wenyewe, namna ubora wa wachezaji unavyopimwa, na watu wawili waliosimama upande wa pili wa wavu kila mara dhahabu ilipokuwa karibu.

Mchezo usiosamehe kosa

Mpira wa vinyoya, ambao wengi huuita badmintoni, huchezwa kwa raketi nyepesi na kinyoya chenye uzito wa takriban gramu tano. Kinyoya hicho hutengenezwa kwa manyoya 16 yaliyochomekwa katika kitako cha gome laini. Kikipigwa kwa pigo la kushindilia na mchezaji wa kiwango cha juu, huweza kutoka kwenye raketi kwa kasi inayozidi kilometa 300 kwa saa, kisha hupungua kasi ghafla kwa sababu manyoya hukamata hewa.

Kwa sababu hiyo, mchezaji hulazimika kufanya mambo mawili yanayopingana. Sekunde moja hujihami dhidi ya pigo kali, na sekunde inayofuata hukimbilia wavuni kukiokota kinyoya kinachodondoka taratibu. Uwanja wa mchezaji mmoja mmoja una urefu wa meta 13.4 na upana wa meta 5.18, na mchezaji huulinda nusu yake peke yake.

Mshindi ni yule anayetangulia kupata seti mbili. Tangu mwaka 2006, kila seti huchezwa hadi pointi 21, na kila kinyoya kinapoanguka pointi hutolewa, awe ameanzisha nani. Wakifungana 20-20, mshindi hana budi kuongoza kwa pointi mbili, ingawa hesabu haiwezi kupita 30. Kabla ya hapo wanaume walicheza hadi pointi 15, na aliyeanzisha ndiye pekee aliyeweza kupata pointi.

Mabadiliko hayo yana uzito katika kisa hiki. Chini ya utaratibu wa zamani, aliyefanya kosa wakati mpinzani hakuwa mwanzishaji alipoteza nafasi tu. Chini ya utaratibu mpya, kila kosa ni pointi kwa mpinzani. Mchezo wa saa nzima unaweza kuamuliwa na mapigo mawili ya mwisho, na hicho ndicho kilichomtokea Lee zaidi ya mara moja.

Mama alikataa mpira wa kikapu

Lee alizaliwa Oktoba 21, 1982 katika mji mdogo wa Bagan Serai, jimbo la Perak, na kukulia Bukit Mertajam, jimbo la Penang. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa mpira wa kikapu. Mama yake alimkataza kwa sababu ya jua kali katika viwanja vya wazi.

Baba yake, ambaye alipenda mpira wa vinyoya, ndiye aliyempeleka katika ukumbi wa mchezo huo, unaochezwa ndani. Lee alianza mazoezi akiwa na umri wa miaka 11. Kipaji chake kilionekana mapema, na mwaka 2000, akiwa na miaka 17, aliingizwa katika kikosi cha taifa na kuwekwa chini ya kocha Misbun Sidek.

Jina la Sidek lina uzito mkubwa nchini Malaysia. Misbun ndiye mkubwa katika familia ya ndugu waliouinua mchezo huo miaka ya 1980 na 1990. Wadogo zake Razif na Jalani waliipatia Malaysia medali ya shaba katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na Rashid akapata nyingine ya shaba huko Atlanta mwaka 1996. Mwaka huohuo wa 1992, Malaysia ilitwaa Kombe la Thomas, ambalo ni ubingwa wa dunia wa timu za wanaume.

Baada ya hapo taifa hilo likaingia katika kipindi cha kusubiri. Katika nchi yenye Wamalay, Wachina na Wahindi, mpira wa vinyoya ni miongoni mwa mambo machache yanayowaketisha wote mbele ya televisheni moja. Lee, kijana wa asili ya Kichina aliyefunzwa na kocha wa Kimalay, alirithi matarajio hayo yote.

Kupanda ngazi

Mwaka 2004 alitwaa kwa mara ya kwanza taji la mashindano ya wazi ya Malaysia. Katika Olimpiki ya Athens mwaka huohuo alitolewa raundi ya pili na Chen Hong wa China. Mwaka 2005 alipata medali ya shaba katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Anaheim, Marekani.

Mechi iliyomtambulisha kwa dunia ilichezwa Kuching, Malaysia, mwaka 2006, katika fainali ya mashindano ya nyumbani. Mpinzani wake alikuwa Lin Dan wa China. Katika seti ya tatu Lin aliongoza 20-13, akibakisha pointi moja tu kutwaa taji. Lee alifuta pointi zote saba na kuibuka mshindi kwa 23-21.

Mwaka huo alishika namba moja duniani kwa mara ya kwanza. Mapema mwaka huohuo alikuwa ametwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne, michezo ambayo Kenya, Uganda na Tanzania nazo hushiriki. Hadi anastaafu alikuwa na medali tano za dhahabu za michezo hiyo: tatu za mchezaji mmoja mmoja na mbili za timu mchanganyiko.

Namba moja hupatikanaje?

Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza la fumbo letu. Orodha ya ubora ya Shirikisho la Dunia la mchezo huo, BWF, haitolewi kwa maoni ya wataalamu. Kila shindano lina pointi zake kulingana na uzito wake na hatua aliyofika mchezaji. Pointi za wiki 52 zilizopita hutazamwa, kisha matokeo kumi bora ya mchezaji hujumlishwa.

Kwa maneno mengine, orodha hiyo hupima uthabiti. Anayefika fainali mwezi hadi mwezi, Jakarta leo na Tokyo kesho, hukaa juu. Lee alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Kuanzia Agosti 21, 2008 hadi Juni 14, 2012 hakushuka kutoka nafasi ya kwanza kwa wiki 199 mfululizo. Katika mfululizo wa mashindano makubwa ya BWF yaliyoitwa Super Series, alitwaa mataji 46, idadi ambayo haikufikiwa na mchezaji mwingine wa mmoja mmoja upande wa wanaume.

Olimpiki hupima kitu kingine. Huja mara moja katika miaka minne na huamuliwa kwa mtoano. Anayeshinda fainali 46 katika miji mbalimbali hapewi nafasi ya pili akiteleza siku hiyo moja.

Lin Dan, kikwazo kisichoondoka

Jibu la pili lina jina. Lin Dan, mchezaji wa mkono wa kushoto aliyezaliwa Oktoba 1983, alikuwa nyuma ya Lee kwa takriban mwaka mmoja wa umri. Pamoja na Taufik Hidayat wa Indonesia na Peter Gade wa Denmark, wawili hao walitambuliwa na mashabiki kama wafalme wanne wa enzi yao.

Lee na Lin walikutana mara 40 katika mashindano ya kimataifa. Lin alishinda mara 28 na Lee mara 12. Hesabu hiyo inaonesha kwamba Lee hakuwa mnyonge, lakini kadiri shindano lilivyokuwa kubwa, ndivyo Lin alivyozidi kuwa mgumu.

Katika fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mbele ya mashabiki wa Kichina, Lin alishinda kwa urahisi 21-12, 21-8. Medali ya fedha ya Lee ilipokewa kwa furaha nyumbani, kwani Malaysia haikuwa imepata medali yoyote ya Olimpiki tangu mwaka 1996.

Miaka minne baadaye, jijini London, haikuwa mechi ya upande mmoja tena. Lee alikuwa ameumia kifundo cha mguu Mei 2012 na baadhi ya watu walitilia shaka iwapo angepona kwa wakati. Agosti 5, 2012 alishinda seti ya kwanza 21-15 na kupoteza ya pili 21-10. Katika seti ya tatu aliongoza 19-18. Zilibaki pointi mbili kwa Malaysia kupata dhahabu yake ya kwanza katika historia ya Olimpiki.

Lin alichukua pointi tatu zilizofuata. Lee alidondoka sakafuni huku mpinzani wake akikimbia kushangilia kuzunguka uwanja. Baadaye aliwaomba radhi wananchi wa Malaysia kwa kushindwa, jambo lililowagusa wengi walioona kwamba hakukuwa na deni la kuombewa msamaha.

Katika mashindano ya ubingwa wa dunia mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 2011, hukohuko London, Lin alimshinda Lee katika fainali iliyomalizika kwa 23-21 katika seti ya tatu. Mwaka 2013 mjini Guangzhou, Lin alikuwa amecheza mashindano machache mno baada ya Olimpiki, hata akashiriki kwa mwaliko maalumu. Lee alifika akiwa namba moja duniani. Walikutana fainali, na Lin akiongoza 20-17 katika seti ya mwisho, misuli ya mguu wa Lee ilikaza. Hakuweza kuendelea, akatolewa kwa machela.

Fainali hiyo yatosha kuonesha tofauti kati ya uthabiti wa mwaka mzima na ushindi wa siku moja.

Ganda la kapsuli

Pigo lililofuata halikutoka uwanjani. Agosti 2014, katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Copenhagen, Lee alifungwa katika fainali na Chen Long, Mchina mwingine. Sampuli iliyochukuliwa wakati wa mashindano hayo ilikutwa na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe ambayo hairuhusiwi kutumiwa kwa kumezwa wakati wa mashindano.

Dawa hiyo hutumiwa sana hospitalini na haihesabiwi miongoni mwa zile za kujenga misuli. Hata hivyo, kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa humfanya mchezaji awajibike kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe amejua au hakujua. Kilichobaki kwa jopo la BWF ni kupima kiwango cha kosa. Adhabu ingeweza kufikia miaka miwili, na kwa mchezaji wa miaka 32 hiyo ingekuwa sawa na kustaafishwa.

Aprili 2015 jopo hilo lilikubali kwamba Lee hakukusudia kudanganya. Lilieleza kwamba dawa ilitokana na ganda la kapsuli za kodisepsi, aina ya kuvu itumikayo katika tiba za jadi za Kichina, alizokuwa akizimeza kama lishe. Lilimwona mzembe kwa kutohakikisha anachokula, likamfungia miezi minane kuanzia tarehe ya sampuli, Agosti 30, 2014, na kumnyang'anya medali ya fedha ya Copenhagen.

Aliporejea Mei 2015, orodha ya ubora haikumsubiri. Alikuwa ameporomoka mbali na kilele, na alishiriki mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Jakarta bila kuwekwa katika kundi la wachezaji wanaotenganishwa na vigogo wenzao katika ratiba. Alifika fainali tena, akafungwa na Chen Long. Mwishoni mwa mwaka huo alitwaa mataji ya China na Hong Kong, na Juni 2016, akiwa na miaka 33, alirudi namba moja duniani.

Rio: ushindi na machungu ndani ya saa 48

Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, Lee ndiye aliyebeba bendera ya Malaysia siku ya ufunguzi. Agosti 19 alikutana na Lin Dan katika nusu fainali. Alipoteza seti ya kwanza 21-15, akashinda ya pili 21-11, na kumaliza ya tatu kwa 22-20. Baada ya fainali mbili za Olimpiki alizofungwa na mtu huyo, hatimaye alikuwa amemshinda katika michezo hiyo.

Siku iliyofuata alimkuta Chen Long fainali. Chen, ambaye alikuwa kijana zaidi na mrefu zaidi, alishinda 21-18, 21-18. Ilikuwa medali ya tatu ya fedha mfululizo.

Tukizijumlisha fainali zake za Olimpiki na za ubingwa wa dunia, pamoja na ile ya Copenhagen iliyofutwa, tunapata saba. Nne alifungwa na Lin Dan, tatu na Chen Long. Hakuna mchezaji wa taifa lingine aliyewahi kumfunga Lee katika fainali ya ngazi hiyo. Hilo ni jibu la tatu: alipambana na taifa lenye uwezo wa kutoa bingwa mpya kila wa zamani anapochoka. China ilipeleka Beijing wachezaji watatu wa kiwango cha juu katika mchezo wa mmoja mmoja wa wanaume, wakati Malaysia ilimtegemea zaidi Lee.

Mcheza kwao hutunzwa

Wengi walidhani Rio ndiyo mwisho. Mwaka 2017 alitwaa taji la nne la All England. Aprili 2018, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola nchini Australia, alifungwa na Srikanth Kidambi wa India katika fainali ya timu, kisha siku chache baadaye akamshinda mtu huyohuyo katika fainali ya mmoja mmoja na kutwaa dhahabu.

Julai 2018 alimfunga Kento Momota wa Japani 21-17, 23-21 na kutwaa taji la 12 la mashindano ya wazi ya Malaysia. Alikuwa na miaka 35. Waliofurika ukumbini siku hiyo hawakujua kwamba walikuwa wakimwona akitwaa taji lake la mwisho.

Mwezi huohuo madaktari walimgundua na saratani ya pua ikiwa katika hatua za mwanzo. Habari hizo zilitangazwa rasmi Septemba. Alitibiwa Taiwan kwa mionzi ya protoni, na mwanzoni mwa 2019 alirudi mazoezini akiwa na nia ya kufika Olimpiki ya Tokyo. Mwili haukukubali. Kwa ushauri wa madaktari, aliweka raketi chini.

Lin Dan alistaafu mwaka mmoja baadaye, Julai 2020. Mwaka 2023 BWF iliwaingiza wote wawili kwa pamoja katika orodha yake ya wachezaji wa kuenziwa. Ulikuwa uamuzi wenye mantiki, kwani ni vigumu kuieleza historia ya mmoja bila kumtaja mwingine.

Hadi kumalizika kwa Michezo ya Paris mwaka 2024, Malaysia ilikuwa haijapata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote. Lee aliikaribia mno, siku ile ya 19-18 jijini London.

Je, basi, alishindwa? Orodha ya medali itasema ndiyo, na orodha ya wiki 349 itasema hapana, na zote mbili ni za kweli kwa sababu kila moja inapima jambo lake. Lililo wazi ni kwamba baada ya kila fainali aliyopoteza, wiki chache baadaye alionekana tena uwanjani akiwania nyingine. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lee Chong Wei alikubali kushindwa mara nyingi mbele ya dunia nzima, na kila mara alirudi kushindana.